Kwa nini mbwa wa nyumbani humng'ata mtoto, na tufanye nini kuzuia

Mtoto aking'atwa na mbwa wa nyumbani, maneno ya kwanza yanayosikika ni haya: "Huyu mbwa hajawahi kumng'ata mtu." Mara nyingi ni kweli. Mbwa huyo amelinda boma miaka mitatu au minne, ameamka usiku kuwabwekea fisi, na mchana amelala kivulini bila kumsumbua yeyote. Kisha siku moja mtoto wa miaka miwili anamwendea akiwa analala au anakula, na kabla mtu hajanyanyuka, mtoto ameumia.

Wasikilizaji wetu wengi wanafuga mbwa, na wengi wana watoto wadogo. Katika makala haya tunaeleza mambo matatu: kwa nini mbwa aliyeteswa au kuogofywa huwa hatari zaidi kwa mtoto, namna ya kumsimamia mtoto katika nyumba ambayo mama yuko shambani na baba yuko kazini, na hatua za kuchukua mtoto akishang'atwa. Paka tumewagusa kwa ufupi.

Mtoto mdogo hawezi kumsoma mbwa

Mbwa haanzi na meno. Kwanza anasema kwa mwili kwamba hataki kuguswa. Hugeuza kichwa pembeni. Hulamba pua ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo wakati hana usingizi. Hulaza masikio nyuma, huficha mkia kati ya miguu, hutoa macho mpaka weupe unaonekana. Huacha kutafuna na kuganda ghafla. Asiposikilizwa, hunguruma na kuonyesha meno. Kung'ata huja mwisho.

Mtu mzima aliyekaa na mbwa huyaona haya, angalau kunguruma. Mtoto mdogo hayaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwaonyesha watoto wa miaka 3 hadi 5 picha za mbwa walio katika hali mbalimbali. Baadhi ya watoto wadogo zaidi walipomwona mbwa anayeonyesha meno walisema anafurahi. Walikuwa wakimtazama mbwa kama wanavyomtazama mtu: meno yakionekana, ni tabasamu.

Kwa hiyo mtoto anapotishwa na mbwa hukimbilia kumkumbatia, na uso wake unakuwa mbele ya mdomo wa mbwa. Hii ndiyo sababu watoto wadogo huumizwa sana kichwani, usoni na shingoni, wakati watu wazima huumizwa zaidi miguuni na mikononi. Mara nyingi mbwa huyo si mgeni. Ni wa nyumbani au wa jirani, mbwa ambaye mtoto anamjua kwa jina.

Kiwewe cha mnyama ni nini

Kiwewe ni hofu inayobaki ndani baada ya tukio baya kupita. Wengi wetu tunajua kwamba mtu aliyepata ajali ya basi anaweza kushtuka miezi kadhaa baadaye akisikia breki. Mnyama naye yuko hivyo.

Mfano unaojulikana sana ni wa mbwa wa mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov. Mwaka 1924 mafuriko yaliingia katika maabara yake mjini Leningrad, na mbwa waliokuwa wamefungiwa humo walikaribia kufa maji kabla ya kuokolewa. Baadaye baadhi yao walibadilika. Mafunzo waliyokuwa wameyashika yalipotea, na mbwa mmoja alianza kutetemeka alipoona maji kidogo tu yakipita chini ya mlango. Miaka ya karibuni madaktari wa mifugo wa jeshi la Marekani wameona jambo linalofanana na hilo kwa baadhi ya mbwa waliorudi kutoka vitani Iraq na Afghanistan.

Kwetu hakuna haja ya vita wala mafuriko. Mbwa wa kijijini hupata kiwewe kwa mambo tunayoyaona kila siku:

- Kupigwa kwa fimbo, kurushiwa mawe au kumwagiwa maji ya moto.
- Kufungwa mnyororo mfupi mchana na usiku ili awe mkali.
- Kugongwa na bodaboda au gari.
- Kupambana na fisi, nyani au kundi la mbwa wengine.
- Kuchukuliwa kwa mama yake akiwa mdogo mno. Mbwa hujifunza kuwazoea watu na wanyama wengine hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu kuzaliwa. Akiikosa nafasi hiyo, au akiipitisha kwa kupigwa, mara nyingi hukua akiwaogopa watu. Ni vizuri abaki na mama yake angalau wiki 8.

Mbwa mwenye kiwewe hukumbuka kitu kilichomuumiza, na hukumbuka pia kinachofanana nacho. Kama alipigwa na vijana waliokuwa wakikimbia na kupiga kelele, basi kila anayekimbia na kupiga kelele anamkumbusha maumivu yale. Watoto wadogo hukimbia na kupiga kelele kutwa nzima. Hushika fimbo wakicheza. Humwinamia mbwa kwa ghafla. Bila kujua, mtoto anarudia mambo yale yale ambayo mbwa ameyahifadhi kuwa hatari.

Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hatulitazami. Mbwa tunamfunga na kumpiga ili amkamate mwizi. Lakini mwizi anaweza asije mwaka mzima, na mtoto anapita mbele ya mbwa huyo kila siku. Ukali uliotokana na hofu haumchagui mtu.

Kiwewe, maumivu au kichaa cha mbwa?

Mbwa akibadilika, usiseme haraka kwamba ana hasira tu. Kuna sababu tatu za kuangalia.

*Kiwewe.* Hofu yake ina mwanzo unaofahamika, na inarudi penye jambo fulani: mtu mwenye fimbo, pikipiki, watoto wakikimbia. Mambo hayo yakiondoka, hutulia. Anakula na kunywa kama kawaida.

*Maumivu.* Angalia vidonda, funza, kupe wengi, upele, sikio linalotoa harufu, mguu unaochechemea. Mbwa mpole anayeumwa anaweza kung'ata akiguswa pale panapouma. Jike aliyezaa naye hulinda watoto wake, hata dhidi ya watu wa nyumbani.

*Kichaa cha mbwa.* Mabadiliko huja kwa siku chache bila sababu inayoonekana. Mbwa mpole huwa mkali, au mbwa mkali hujificha na kuzubaa. Hutembea ovyo, hung'ata miti na mawe, sauti hubadilika, taya hulegea, mate hutiririka, hushindwa kumeza, mwishowe miguu hupooza. Mbwa wa namna hii usimguse wala usijaribu kumfunga kwa mikono. Ondoa watoto na mifugo, kisha mpigie ofisa mifugo au uongozi wa kijiji mara moja.

Kama huwezi kutofautisha, chukulia kuwa ni kichaa cha mbwa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu husababishwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Kabla ya dalili, unazuilika.

Usimamizi katika nyumba zetu

Ushauri unaotolewa kila mahali ni mmoja: mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata dakika moja. Ni ushauri sahihi. Lakini tunajua hali ilivyo. Mama yuko shambani au kisimani, bibi anapepeta mahindi, na anayemwangalia mtoto wa miaka miwili ni dada yake wa miaka minane. Dada huyo naye ni mtoto. Hawezi kumtoa mdogo wake mdomoni mwa mbwa, na akijaribu ataumia yeye. Tusimpe mzigo huo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mtu mzima akiwepo na akiwa anatazama, mtoto na mbwa wanaweza kuwa pamoja. Mtu mzima asipokuwepo, pawe na kizuizi kati yao. Mtu mzima anayepika ndani huku mtoto yuko uani hahesabiki kuwa anatazama. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, msimamizi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Kizuizi si lazima kiwe cha gharama:

- Banda la mbwa la miti au mabanzi, lenye mlango unaofungwa, kivuli na maji. Mchana mbwa apumzike humo, usiku afunguliwe alinde.
- Pasipo na banda, zungushia uzio wa miti au miiba sehemu ya ua ambayo watoto huchezea. Hapo watoto ndio wanaokuwa ndani ya uzio, na mbwa yuko nje.
- Mnyororo peke yake si kizuizi. Unamzuia mbwa kumfuata mtoto, lakini haumzuii mtoto kumfuata mbwa. Tena mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, na mnyama asiye na njia ya kukimbia hutumia meno. Ikibidi kumfunga, mnyororo uwe mrefu, afungwe mbali na njia ya watoto, na afunguliwe kila siku.

Zipo nyakati ambazo kizuizi ni lazima hata kwa mbwa mpole kabisa: wakati mbwa anakula au ana mfupa, amelala, ana watoto, anaumwa, au wageni wamejaa nyumbani kwa msiba au harusi. Mtoto anayetembea na kipande cha nyama au ugali mkononi naye asipite karibu na mbwa mwenye njaa.

Mambo ya kumfundisha mtoto

Mtoto wa chini ya miaka 4 hasahau kwa ukaidi. Umri wake bado haumruhusu kushika kanuni. Usitegemee kumwambia "usimguse". Tegemea kizuizi.

Kuanzia miaka 4 au 5 anaweza kufundishwa kidogo kidogo, kwa kurudia:

1. Mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa au mwenye watoto haguswi.
2. Mbwa hakumbatiwi, habusiwi, hapandwi mgongoni, havutwi mkia wala masikio.
3. Mbwa harushiwi jiwe. Anayerusha jiwe leo anaweza kumponza mdogo wake kesho.
4. Mbwa akienda zake, asifuatwe.
5. Mbwa asiyemjua akimjia, asikimbie. Asimame kama mti: miguu imetulia, mikono imekunjwa kifuani, macho yanatazama chini. Mbwa wengi hunusa na kuondoka.
6. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe: magoti kifuani, uso chini, mikono imefunika shingo na masikio.

Namba 5 na 6 zifanyeni kama mchezo jioni uani. Baba au mama awe mbwa, watoto wawe miti na mawe. Mtoto aliyezoea kwa mchezo ana nafasi kubwa ya kukumbuka siku ya hatari.

Na kama mbwa ananguruma mtoto anapomkaribia, msimpige kwa sababu ya kunguruma. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayepigwa kila akionya hujifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila sauti. Akinguruma, mwondoe mtoto kwa utulivu, kisha jiulizeni ni kitu gani kilichomkera.

Paka nao wapewe njia ya kukimbia. Paka aliyebanwa kona hukwaruza usoni. Meno yake ni membamba na huingia ndani, hivyo tundu dogo linaweza kufunga usaha. Paka pia anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa, na jeraha lake lisafishwe kama la mbwa.

Kumrudisha mbwa mwenye kiwewe katika hali nzuri

Wapo wanaodhani dawa pekee ya mbwa mwenye hofu ni kumuua. Wengi wao wanaweza kupata nafuu, ingawa huchukua wiki au miezi. Haya husaidia:

- Mtu mzima mmoja awe ndiye anayemlisha, kwa saa zile zile kila siku. Hata pumba na mabaki ya dagaa, yakitolewa kwa wakati, humfanya mbwa awe mtulivu.
- Apewe mahali tulivu ambapo hakuna anayemfuata.
- Fimbo iachwe kabisa, na kila mtu nyumbani akubaliane. Kama baba hapigi lakini vijana wanapiga, hakuna kitakachobadilika.
- Asivutwe kwa nguvu kwenda kwenye kitu anachokiogopa. Aachwe akitazame kwa mbali, huku mtu mzima akimtupia chakula kidogo. Umbali upunguzwe pale tu anapoonekana ametulia.
- Majaribio hayo yafanywe na mtu mzima. Mtoto asitumiwe kupima kama mbwa amepona.

Mbwa ambaye ameshamng'ata mtoto na kumtoboa ngozi asirudishwe kuishi pamoja na watoto bila kizuizi cha kudumu. Muoneni ofisa mifugo mshauriane. Na kama mnampa mtu mwingine, mwambieni ukweli wote. Kumpa jirani mwenye watoto wachanga mbwa aliyeng'ata, kisha kunyamaza, ni kuhamisha hatari kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Kwa walioko Tanzania, wajue pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama. Kumpiga na kumnyima mbwa chakula ili awe mkali si suala la mwenye mbwa peke yake.

Mtoto aking'atwa: hatua kwa hatua

1. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Maji yawe yanamiminika, si ya kuchovya kwenye beseni. Sabuni ya mche inafaa. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa ya simu. Kama damu inatoka kwa wingi, kandamiza kwanza kwa kitambaa safi.
2. Paka dawa ya kuua vijidudu kama ayodini, ikiwepo.
3. Usiweke majivu, pilipili, chumvi, mafuta ya taa, kinyesi wala nywele za mbwa.
4. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo, na hata kama mbwa ni wa kwenu. Kabla ya kuondoka piga simu kuuliza kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, ili wakuelekeze hospitali iliyo nayo. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.
5. Maliza sindano zote. Kwa kawaida hutolewa siku ya kwanza, kisha siku ya 3 na ya 7 baada yake, na mara nyingine huongezwa nyingine. Majeraha makubwa, hasa ya kichwa na shingo, huhitaji pia kinga ya kuchoma kwenye jeraha lenyewe. Fuata tarehe zilizoandikwa kwenye kadi.
6. Usimuue mbwa kwa hasira kama anaweza kufungiwa kwa usalama. Mbwa huangaliwa siku 10. Akibaki mzima kwa siku hizo, hakuwa akiambukiza siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusitisha sindano. Lakini usisubiri siku hizo ndipo uanze tiba. Sindano zinaanza leo.

Virusi vya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3 kabla ya dalili kuonekana, na wakati mwingine wiki moja tu au mwaka mzima. Jeraha kupona haraka si ushahidi kwamba mtoto amenusurika.

Halafu angalieni moyo wa mtoto. Anaweza kuanza kukojoa kitandani, kushtuka usingizini, kukataa kwenda shule kwa sababu njiani kuna mbwa. Msimcheke wala msimlazimishe kumshika mbwa "ili azoee". Mwacheni aeleze yaliyompata kila anapotaka, na asindikizwe njiani. Hofu ikizidi mwezi mmoja bila kupungua, rudini kituo cha afya.

Mambo matano ya kufanya wiki hii

- Chagua mahali pa banda au uzio, na anza na miti uliyonayo.
- Uliza tarehe ya chanjo ya mbwa kijijini kwenu. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea, kwa hiyo mbwa wa jirani naye anahusika.
- Hifadhi kwenye simu namba ya ofisa mifugo wa kata na ya kituo cha afya kilicho karibu.
- Kubalianeni nyumbani nani anamlisha mbwa, na kwamba hakuna anayempiga.
- Wafundishe watoto mchezo wa mti na jiwe.

Makala haya unaweza kumsomea asiyejua kusoma, au kumtumia jirani mwenye mbwa. Yule anayebaki nyumbani na watoto mchana ndiye anayehitaji kuyasikia kwanza.